Kutoka Saruji hadi Udongo: Yasmeen Lari na Maana ya Usanifu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii husikika mara kwa mara katika mijadala yetu kuhusu lugha na utamaduni, ilhali ni nadra kuihusisha na ujenzi wa nyumba. Makala haya yanakusudia kuitazama upya kupitia maisha na kazi ya Yasmeen Lari, mwanamke wa kwanza kuwa msanifu majengo nchini Pakistani. Tutaonyesha jinsi alivyopata sifa kwa majumba ya saruji na vioo, kisha akayapa kisogo na kurejelea udongo, chokaa na mianzi. Aidha, tutadai kwamba mgeuko huo haukuhusu vifaa tu, bali pia swali la nani anastahili kuhudumiwa na msanifu.

Elimu na Kazi za Awali

Lari alizaliwa mwaka wa 1941 katika mji wa Dera Ghazi Khan. Baba yake alikuwa afisa wa serikali aliyesimamia miradi ya maendeleo, kwa hivyo mambo ya ujenzi hayakuwa mageni kwake. Alikwenda Uingereza angali kijana. Alipoomba nafasi ya kusomea usanifu huko Oxford, alikataliwa kwa kuwa hakujua kuchora. Hakufa moyo, alijifunza sanaa kwa miaka miwili, akaomba tena na kukubaliwa. Alipohitimu alirudi nyumbani na kufungua ofisi yake mjini Karachi mwaka wa 1964. Wakati huo mwanamke kusimamia mafundi lilikuwa jambo la kushangaza, na alilazimika kuwathibitishia kwamba aliijua kazi.

Katika miaka ya 1970 alipewa jukumu la kusanifu mtaa wa Angoori Bagh mjini Lahore, uliokusudiwa watu wa kipato cha chini. Kabla ya kuchora lolote, aliwaendea wanawake waliotarajiwa kuishi humo. Swali lao lilikuwa jepesi lakini zito: kuku wao wangekaa wapi? Lari akabuni nyumba za matofali zenye nyua za juu ambapo familia zingeweza kufuga kuku na kupanda mboga. Hii ilikuwa dalili ya mapema ya msimamo ambao ungekomaa baadaye.

Hata hivyo, jina lake lilivuma zaidi kwa majengo makubwa. Miongoni mwayo ni Hoteli ya Taj Mahal na Jumba la Mafuta ya Taifa, yote ya Karachi. Mwaka wa 1980, yeye na mumewe, mwanahistoria Suhail Zaheer Lari, waliasisi wakfu wa kuhifadhi turathi za Pakistani. Mnamo 2000 aliifunga ofisi yake akikusudia kuandika vitabu na kushughulikia turathi hizo.

Tetemeko na Mgeuko

Tarehe 8 Oktoba 2005, tetemeko la ardhi lilikumba kaskazini mwa Pakistani na kuwaua zaidi ya watu 70,000. Lari, aliyekuwa na umri wa miaka 64, alipanda milimani kusaidia. Misaada mingi iliyofika huko ilitegemea saruji na mabati. Yeye alianza kwa kuokota kilichokuwapo: mawe na mbao za vifusi, udongo na chokaa. Wenyeji wenyewe ndio waliojenga. Kazi ya msanifu ilikuwa kuwaelekeza.

Baada ya mafuriko ya mwaka wa 2010, alihamishia juhudi hizo katika jimbo la Sindh, ambako alitumia mianzi kwa wingi. Kiunzi cha mianzi hupinda bila kuvunjika ardhi inapotikisika, na udongo uliochanganywa na chokaa hauyeyuki upesi kwenye maji. Nyumba huinuliwa juu ya msingi ili kuzikinga na maji. Mafuriko ya mwaka wa 2022 yalipowaathiri watu wapatao milioni 33, nyumba za aina hii katika kijiji cha Pono zilistahimili.

Kazi ndogo kuliko zote huenda ndiyo yenye uzito zaidi. Wanawake wengi wa vijijini walipika wakiwa wamechutama chini, moshi ukiwaunguza macho na mapafu. Lari alibuni jiko la udongo na chokaa lenye bomba la kutolea moshi, likiwa juu ya jukwaa lililoinuka ambapo mpishi huketi kwa heshima. Wanawake waliofunzwa kulijenga waliwafunza wenzao kwa malipo madogo, na majiko hayo yakafikia makumi ya maelfu. Mradi huo ulipata Tuzo ya Makazi ya Dunia mwaka wa 2018. Mwaka wa 2023 Lari alitunukiwa Nishani ya Dhahabu ya Kifalme ya wasanifu wa Uingereza.

Tathmini

Yamkini msomaji atauliza: je, kumrudisha maskini kwenye udongo si kumdumisha katika umaskini? Swali hili ni halali, kwani hata kwetu nyumba ya kukandika huchukuliwa kuwa ishara ya ufukara. Jibu la Lari ni kwamba aibu haimo katika udongo bali katika kuujenga vibaya. Isitoshe, utengenezaji wa saruji huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu, na wanaoumia kwanza kwa mafuriko ni wasioweza kuinunua. Lari mwenyewe amekiri kwamba kazi yake ya sasa ni namna ya kufidia majumba aliyoyajenga zamani.

Hitimisho

Katika Kiswahili, usanifu haufungamani na majengo pekee. Tunazungumzia lugha sanifu na usanifu wa kazi za fasihi, tukimaanisha kutengeneza jambo kwa ustadi. Lugha yetu imehifadhi pia fito, boriti, chokaa, makuti na kukandika. Kila neno hapa limebeba maarifa ya fundi fulani. Iwapo mafundi hao watatoweka, maneno yatabaki kamusini bila vitu. Funzo la Lari kwetu ni kwamba kurudi kwenye asili si kurudi nyuma, mradi mtu arudi na elimu aliyoipata, na aitumie pamoja na wale waliomtangulia kuijua asili hiyo.