Kujitolea Zahanati na Njia ya Taaluma ya Afya ya Jamii

Vijana wengi waliohitimu kidato cha nne hufika zahanati za vijiji wakiomba kujitolea, wakidhani watafundishwa kuchoma sindano. Hawatafundishwa, na ni vyema wakalijua hilo mapema. Wanachokabidhiwa ni kazi ya kinga: kupima uzito wa watoto siku ya kliniki, kujaza rejesta, kukagua vyoo na vibuyu chirizi, kuwafuatilia nyumbani kina mama waliokosa mahudhurio.

Kazi hiyo yaonekana ndogo, lakini ndani yake mna elimu. Tutazame utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kipimo kikiwa chini ya sentimita 11.5, utepe huonyesha nyekundu: mtoto ana utapiamlo mkali, naye hupewa rufaa siku hiyohiyo. Aliyeulegeza utepe amemkosea mtoto, si tarakimu tu. Kijana aliyewahi kurudia kipimo akakuta njano imegeuka nyekundu hazisomi tena takwimu kama zamani.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa zaidi ya wahudumu 137,000 katika miaka mitano. Wanaochaguliwa husoma kwa miezi 6, na aliyezoea kubisha hodi kwa jirani haanzi mikono mitupu. Wengine huendelea hadi stashahada ya afya ya mazingira.

Hata hivyo, kujitolea kusiko na mwisho si haki. Mwombaji aandikiwe barua inayotaja majukumu na muda, naye atunze daftari la kazi zake, mganga mfawidhi alitie saini kila mwezi.