Mteja Asibahatishe

Wafanyabiashara wengi wakisikia habari za ubunifu huwazia mashine mpya au mtaji mkubwa. Lakini ubunifu unaolipa huanza na swali dogo: mteja wangu anabahatisha wapi? Nyanda za Juu Kusini za Tanzania zina mifano miwili ya kufaa.

Mjini Iringa, mwaka 2003, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts, kazi iliyoasisiwa na msanii Mwingereza Susie Hart. Walianza na vijana viziwi watatu waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye zikaja kazi nyingine za mikono, na mghahawa ambao wahudumu wake ni viziwi.

Mghahawa huo ulikuwa na ugumu ulio wazi. Mteja hajui lugha ya alama, na mhudumu hasikii. Walichofanya ni kupanga mambo upya: mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, na orodha ya vyakula inamfundisha alama chache za kuagizia. Hakuna anayelazimika kukisia. Hapo ndipo penye somo la uongozi. Haitoshi kiongozi wa huduma kuwahimiza watu wake wachangamke. Kazi yake ni kuondoa kikwazo, ili hata aliyeajiriwa jana ahudumie vizuri. Tena huruma kwa wahudumu hao humleta mteja mara moja tu. Akirudi, amefuata ubora.

Upande wa Mbeya, tazama biashara ya viazi mviringo vya Uporoto. Kwa miaka mingi mkulima amekuwa akiuza kwa lumbesa, gunia linaloongezwa kimo hadi lipite ujazo wake, huku akilipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Hata hivyo lumbesa haijaisha, kwa sababu shambani mara nyingi hakuna mizani, na dalali ndiye anayejua soko.

Lumbesa inamwumiza mkulima, lakini pia inafundisha kila anayenunua na kuuza kushukiana. Mwenyekiti wa ushirika anayeweka mizani kwenye kituo cha kukusanyia mazao, na kukataa gunia lisilopimwa, amefanya ubunifu na uongozi kwa pamoja. Muuza duka anayegeuza uso wa mizani umwelekee mnunuzi amefanya vivyo hivyo.

Wewe mwenye duka, gereji, saluni au zahanati unaweza kuanza hivi. Weka daftari kaunta, na kila mteja anapouliza jambo, liandikwe: bei ni kiasi gani, itakuwa tayari lini, nikirudisha itakuwaje. Mwisho wa juma tazama swali lipi limejirudia zaidi. Kama ni bei, iandike ukutani. Kama ni muda, mpe mteja siku na saa kwenye risiti, na ukichelewa mpigie kabla hajakupigia. Kama ni kurudisha bidhaa, mpe mhudumu wako mamlaka ya kubadilisha iliyo mbovu papo hapo, bila kumsubiri bosi.

Maliza swali moja kwanza, ndipo uende la pili. Mteja aliyejua mapema atakachopata na atakacholipa hana sababu ya kukushuku, na asiyekushuku ndiye atakayemtuma jirani yake kwako.