Kangaga: Dawa ya Tegu Iliyopofusha Watu

Kangaga ni mmea wa msituni usio na ua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, vumbi laini linalotokea upande wa chini wa majani, na hupenda kivuli na unyevu. Katika tambarare kame za Voi nchini Kenya huonekana kwa nadra, lakini anayepanda kupitia Mwatate hadi Wundanyi hulikuta kwa wingi. Misitu ya Ngangao na Mbololo, inayonyweshwa na ukungu utokao Bahari ya Hindi, ina aina nyingi.

Aina iliyovuma zaidi katika tiba ni kangaga dume la Ulaya, Dryopteris filix-mas, lenye ndugu wa jenasi moja katika milima ya Afrika Mashariki. Tangu enzi za Wagiriki wa kale shina lake la chini ya ardhi lilitumika kufukuza tegu. Mwaka 1775 Mfalme Louis XVI wa Ufaransa alinunua siri ya dawa hiyo kwa mjane aliyeitwa Madame Nouffer. Na ilifanya kazi kweli: kemikali zake humpooza tegu, akashindwa kung'ang'ania ukuta wa utumbo, kisha mgonjwa alipewa chumvi ya kuharisha ili mnyoo atoke. Mafuta ya nyonyo yalikatazwa, kwani mafuta huisaidia sumu kupenya mwilini. Hatari ilikuwa hapo hapo. Kipimo kinachomtoa mnyoo kiko karibu mno na kile kinachomdhuru mtu. Waliozidishiwa walitapika na kupata degedege. Wengine walipofuka, na wapo waliokufa.

Kangaga jingine, Pteridium aquilinum, hutanda kwenye mashamba yaliyoachwa na misitu iliyoungua. Hili halifai kuchezewa kabisa. Lina ptakwilosidi, kemikali inayosababisha saratani kwa wanyama. Ng'ombe wanaolila kwa muda mrefu hukojoa damu, na sumu yake huweza kupita kwenye maziwa.

Leo niklosamidi na prazikwanteli zimechukua nafasi ya kangaga, na kwa kawaida dozi moja humaliza tegu wa utumbo. Hata hivyo vipimo hutangulia, kwa sababu mwenye vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo anaweza kupata kifafa akimeza prazikwanteli bila uangalizi. Anayeona vipande vyeupe bapa kwenye choo chake aende zahanati iliyo karibu au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, asichimbe mizizi msituni.