Wanga na Uzito wa Mwili: Ugali wa Nachingwea na Ruangwa

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mtu aweza kushinda akila maembe, karanga na mihogo ya kuchemsha, na jioni akasema kuwa tangu asubuhi hajala. Hadanganyi: hajala ugali. Uwe wa mahindi, wa mtama au wa muhogo, ugali ndio unaotia nguvu mikono ishikayo jembe. Siku hizi, hata hivyo, kumevuma mawaidha ya kupunguza unene ambayo kwa ufupi husema: acha wanga, utapungua. Mwanafunzi aliyefundishwa darasani kwamba wanga ni chakula cha kutia nguvu ana haki ya kuuliza ni nani msema kweli.

Wanga ni mojawapo ya kabohaidreti, yaani viungo vya kaboni, haidrojeni na oksijeni ambavyo mmea huvitengeneza majanini kwa nuru ya jua. Muhogo huweka akiba yake katika mizizi, mahindi na mtama katika punje. Ukitazamwa kwa jicho la mkemia, wanga ni mnyororo mrefu wa molekuli za glukosi. Vimeng'enya vya mate na vya kongosho huukata mnyororo huo, glukosi ikaingia katika damu, nayo insulini ikaiwezesha kuingia katika seli za misuli. Ubongo wa mtu mzima peke yake hutumia kiasi cha gramu 120 za glukosi kwa siku. Gramu 1 ya wanga hutoa takriban kilokalori 4; gramu 1 ya mafuta hutoa 9. Kwa hiyo anayeogopa tonge la ugali huku mchuzi wake ukielea mafuta ameogopa kisichostahili.

Mbona basi aachaye ugali hupungua upesi? Sehemu ya glukosi huwekwa katika ini na misuli kwa umbo la glikojeni, akiba ya gramu 500 hivi, na kila gramu ya glikojeni hushikana na maji yapatayo gramu 3. Akiba hiyo ikitumika, maji nayo hutoka. Mizani huonyesha pungufu ya kilo moja au mbili katika siku chache, na mwenye mwili hufurahi. Lakini kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji, nayo yatarudi na ugali wa kwanza. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu 609 kwa miezi 12. Waliopunguza mafuta walipungua kwa wastani kilo 5.3, waliopunguza kabohaidreti, kilo 6.0. Kwa kanuni za takwimu tofauti hiyo haihesabiki. La kuzingatia zaidi ni kwamba makundi yote mawili yaliambiwa yale mboga kwa wingi na yaepuke sukari na unga uliokobolewa.

Hapo mwalimu wa Nachingwea ana mfano ulio karibu naye, mashine ya kusaga. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, pumba na kiini huondolewa, na pamoja navyo nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Dona huvibakiza. Weupe wa sembe unapendwa, na sokoni wenye dona huonekana kama watu wa shida. Ni fahari ya ajabu kulipia zaidi ili kupata kilicho pungufu.

Ushahidi wa hapa nchini wapasa kutajwa. Mwaka 1989 Dk. Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wa vijiji 6 vya Tanzania, ambamo wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Chakula chao kikuu kilikuwa wanga. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, uliwapata wapatao asilimia 9. Umri na njia za kupima hazikulingana, hivyo tarakimu hizo zisipangwe kama ngazi. Walakini haiyumkiniki kuutupia ugali lawama, maana ulikuwapo nyakati zote mbili. Kilichobadilika ni kazi ya mwili, mafuta na sukari. Karani anayekaa kitini kutwa hahitaji matonge ya mpalizi, na soda moja ya mililita 350 humpa zaidi ya gramu 30 za sukari bila kumshibisha. Mpalizi naye, miezi ya Januari hadi Machi, akiba ya ghala ikipungua na magugu yakishindana na mahindi shambani, hukonda asivyotaka. Kumwambia huyo aache wanga ni kumdhuru.

Muhogo una jambo lake la pekee. Muhogo mchungu hutoa sianidi, sumu kali, ambayo huondolewa kwa kuloweka, kuvundika na kuanika makopa kwa siku nyingi. Mwaka 1988, katika wilaya jirani ya Masasi, ukame na njaa viliwafanya watu wafupishe kazi hiyo, nao unga ulioandaliwa kwa haraka ukawadhuru. Aidha, mwenye kula sianidi kidogo kidogo kwa majuma mengi, mlo wake ukiwa na upungufu wa protini, huweza kupatwa na konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla usiopona. Mwaka 1981 zaidi ya watu 1,000 walipatwa nao mkoani Nampula, Msumbiji. Mwili huivunja nguvu sianidi kwa salfa itokayo katika protini. Penye wanga mtupu salfa hiyo haitoshi.

Protini hiyo huota katika wilaya hizi zenyewe. Gramu 100 za mbaazi kavu zina takriban gramu 20 za protini. Unga wa muhogo hauna hata 3. Nyuzinyuzi za mbaazi pia huchelewesha glukosi kuingia katika damu na kumshibisha mlaji mapema, jambo analolitafuta yule karani mnene. Lakini mbaazi za kusini hulimwa zaidi kwa soko la India. Mwezi Agosti 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi ziingiazo nchini humo, bei ikaporomoka, na wakulima wakabaki na magunia. Kuyageuza magunia hayo kuwa kitoweo si kazi nyepesi, kwa kuwa mbaazi kavu hula kuni nyingi. Zikilowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa, huiva kwa muda mfupi zaidi.