Gari Limekufa Lote: Tuanze Wapi?

Hakuna ukimya unaomchosha mwenye gari kama ule wa asubuhi, anapogeuza ufunguo na gari lisijibu neno. Taa haziwaki, honi hailii, mshale wa saa ya umeme hautikisiki. Papo hapo wapita njia husimama, kila mmoja na shauri lake, na mashauri yote huishia neno moja: "Betri imekufa, nunua nyingine." Kwa ajili ya neno hilo twaandika leo, maana mara nyingi si kweli, nalo limekwisha kula karo za watoto wengi.

Tunasema hasa juu ya magari ya zamani. Chukueni mfano wa Land Rover, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, likiwa na bodi ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu huko Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili. Gari la siku hizi likizimika, fundi hutafuta kompyuta ili imsomee ugonjwa. La zamani lina nyaya chache, ambazo mtu mwenye subira aweza kuzifuata kwa kidole. Lakini subira ndiyo haba, hasa kwa aliyekwama njiani. Mwezi wa Mei 2021 jimbo letu la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita. Aliyepata kukwama siku hizo kati ya Bunia na Komanda, huku jua likielekea kutua, hahitaji kuelezwa thamani ya kuufahamu ugonjwa wa gari lake upesi.

Kwanza, tufahamu safari ya umeme. Umeme hutoka kwenye kichwa kimoja cha betri, hupita katika nyaya na swichi, hufanya kazi yake katika taa au honi, kisha sharti urudi kwenye kichwa cha pili. Usiporudi, hautoki. Njia ya kurudia si waya peke yake: ni chuma chenyewe cha gari, yaani chasi, injini na bodi. Njia hiyo ndiyo mafundi wa Bunia, kwa kufuata Kifaransa, huiita masi. Wenye magari wengi huitazama njia ya kwendea, wakaisahau ile ya kurudia.

Tulipata kuona jambo hili katika kiwanja kimoja cha matengenezo hapa mjini. Mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, alileta Land Rover yake ya mwaka 1962 ikivutwa kwa kamba. Juma lililotangulia vijana wawili walikuwa wamemshauri anunue betri mpya, naye akanunua, kwa fedha alizomwekea mjukuu wake za muhula. Betri mpya ikawekwa. Gari likabaki kimya vile vile.

Fundi hakugusa spana. Akauliza: "Papa, masi ya gari hili ni chanya au hasi?"

"Chanya, mwanangu, tangu lilipotoka kiwandani."

"Vema. Ungenijibu hasi, ningefika kwenye jibu lingine."

Akatoa mfukoni chombo chake, nacho kilikuwa taa ndogo ya volti 12 iliyofungwa nyaya mbili, basi. Akagusisha nyaya hizo kwenye vichwa viwili vya betri, kwenye risasi yenyewe, si kwenye vishikio. Taa ikawaka vizuri. "Betri ni nzima, Papa," akasema. Akahamisha waya mmoja kutoka kichwa cha masi hadi kwenye kishikio chake. Ikawaka. Akauhamisha tena hadi kwenye chuma cha chasi. Taa ikazima.

Basi ugonjwa ulikuwa umekwisha kufungiwa katika nafasi ya mkono mmoja: kati ya kishikio kile na chasi. Boliti ilipofunguliwa, chini yake palionekana kutu na matope makavu, na ule mwisho wa waya ulikuwa umegeuka unga wa kijani. Msasa, waya kukatwa mwisho na kufungwa upya, mafuta ya grisi juu yake. Honi ikalia hata kuku wa jirani wakatawanyika. Mzee hakucheka. Alikuwa akiitazama ile betri yake ya zamani iliyowekwa pembeni, ambayo fundi aliijaribu kwa taa ile ile, nayo ikaonekana kuwa bado inafaa.

Kanuni ya fundi huyo ni rahisi: pale taa inapozima, kosa liko kati ya mahali palipowasha mwisho na mahali palipozima kwanza. Masi ikionekana ni njema, waya mmoja hubaki kwenye masi, na wa pili hufuata njia ya kwendea: kichwa cha betri, kishikio chake, swichi kubwa ya stata, kisha saa ya ampea kwenye dashibodi, kisha swichi ya ufunguo. Saa hiyo ya ampea yafaa itazamwe sana katika Land Rover za miaka ya 1960, maana umeme karibu wote wa gari, isipokuwa wa stata, hupita ndani yake. Nati moja iliyolegea nyuma yake yatosha kulifisha gari. Rangi za nyaya nazo husaidia. Magari ya Kiingereza ya nyakati zile yalitumia waya wa kahawia kwa umeme utokao moja kwa moja kwenye betri, mweupe kwa umeme uliopita kwenye ufunguo, wa kijani kwa ule uliokwisha pita kwenye fyuzi, na mweusi kwa masi. Lakini rangi ni ushahidi wa kiwandani tu. Baada ya mafundi kumi, waya mwekundu waweza kukutwa ukifanya kazi yo yote.

Twaongeza onyo moja. Taa ndogo huomba umeme kidogo, nayo yaweza kuwaka hata kama waya mnene umebakiwa na nyuzi tatu, ambazo haziwezi kabisa kuizungusha stata. Kwa hiyo mwenye mita aipime njia ya kurudia wakati stata inapojaribiwa, kati ya kichwa cha masi cha betri na injini: ikizidi nusu volti, njia hiyo ni mbovu. Mita hiyo hiyo itamwambia pia hali ya betri iliyopumzika. Volti 12.6 ni betri iliyoshiba. Ikishuka kwenye 12 hivi, karibu imekwisha.

Je, kwa nini masi huharibika? Mwaka 1800 Mwitalia Alessandro Volta alionyesha kwamba metali mbili za namna mbili, zikitengwa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, huzaa umeme. Land Rover hufanya mchezo huo wa Volta pasipo kuombwa: aluminiamu ya bodi, chuma cha boliti, na maji machafu ya barabara zetu. Metali moja huliwa polepole, na unga mweupe uzaliwao haupitishi umeme. Ndiyo maana taa moja ya mbele hufifia, au huwaka pamoja na kiashirio, na watu husema gari lina pepo.

Na fyuzi je? Kila mtu hukimbilia huko kwanza, lakini Land Rover nyingi za wakati huo zilikuwa na fyuzi mbili tu, na umeme wa stata na wa taa kubwa haukupita humo. Fyuzi ikiungua, hufa vitu vichache. Gari likifa lote, msihangaike na fyuzi. Wala msiifunge kwa karatasi ya kung'aa ya paketi ya sigara, kama tuonavyo mara nyingi. Fyuzi huungua ili waya usiungue. Karatasi ile haitaungua kwa wakati, na waya utaungua ukiwa karibu na petroli.

Jambo la mwisho ni lile swali la fundi. Land Rover zilitoka kiwandani zikiwa na masi chanya hadi karibu na mwaka 1967, ndipo ikageuzwa kuwa hasi kama ya magari mengi ya leo. Gari lililobadilishiwa dinamo likafungwa alteneta, kisha mtu akageuza betri kwa kukosea, huunguza diodi za alteneta hiyo mara moja. Mzee wetu, kabla ya kuondoka, aliomba rangi nyeupe na burashi. Chini ya boneti akaandika, kwa mwandiko wa ubaoni ulionyooka: MASI NI CHANYA.