Kupiga Kambi Katika Msitu wa Umma (Sehemu ya Pili): Sheria ya Usiku na Kambi ya Isecheno

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016, katika kifungu cha 64, inataja saa. Haruhusiwi mtu kuwa ndani ya msitu wa umma nchini Kenya kati ya saa moja usiku na saa kumi na mbili asubuhi, isipokuwa awe anapita katika barabara au njia inayotambuliwa, au amo katika jengo lililoidhinishwa, au anashiriki shughuli za kitamaduni, za kisayansi au za burudani. Mpiga kambi anaruhusiwa kwa sababu hiyo ya mwisho. Akikosa kibali na risiti, jioni ikiingia anahesabika sawa na mkataji miti aliyejificha kichakani, na askari wa misitu hana njia ya kuwatofautisha.

Wiki iliyopita tuliona kwamba Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaiweka misitu ya serikali katika ardhi ya umma. Swali linalofuata ni la haki kabisa: kama msitu ni wetu sote, kwa nini tuombe ruhusa ya kulala ndani yake? Nalijibu leo kwa kuanzia mbali kidogo, kwa sababu amri ya kutoka msituni jioni ina historia nzito katika nchi hii.

Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitangaza misitu ya Aberdare na Mlima Kenya kuwa maeneo yaliyopigwa marufuku. Aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi bila kuulizwa jina. Vijana wa Mau Mau waliishi ndani ya misitu hiyo kwa miaka, wakijifunza kupika bila moshi kuonekana na kutembea bila kuacha nyayo, na kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa ukingoni mwa msitu wa Aberdare tarehe 21 Oktoba 1956. Kwa kizazi kile, mtu wa kulala msituni alikuwa mpiganaji, au mtu anayewindwa, au askari anayewinda. Nadhani ndiyo maana hadi leo ukimwambia mzee wa Nyeri kwamba umelipa pesa ili ukalale msituni kwa starehe, atakutazama kwa muda kabla ya kujibu.

Sababu ya siku hizi ni nyingine. Msumeno wa injini hufanya kazi usiku. Tanuri la makaa huwashwa jioni ili moshi wake uchanganyike na ukungu wa alfajiri. Mwezi Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na amri hiyo ilidumu hadi ilipoondolewa mwaka 2023. Lakini amri za mchana haziwafikii watu wanaofanya kazi gizani. Askari wachache wanaolinda maelfu ya hekta wanahitaji kanuni rahisi, na kanuni rahisi kuliko zote ni hii: baada ya saa moja, asiyejulikana alipo na kwa nini yupo, atoke. Mimi naiunga mkono. Ninachokipinga ni tabia ya baadhi yetu kuichukulia kana kwamba ni uadui dhidi ya raia, kisha kuikwepa kwa kusimika hema mahali pa kificho. Kambi iliyoandikwa kituoni ni macho na masikio ya ziada kwa msitu. Kambi ya siri inamwongezea askari mwanga mmoja zaidi wa kuufuata bure.

Sasa twende Kakamega, kwa sababu hapo ndipo mambo haya yanapoonekana waziwazi.

Msitu wa Kakamega ndio kipande kikuu kilichobaki nchini Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya Kongo, ule uliowahi kuenea kutoka magharibi mwa Afrika kupitia Uganda. Historia ya umiliki wake inauma. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka 1931. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilibadilisha sheria ya ardhi za wenyeji ili ardhi ya hifadhi yao iweze kuchukuliwa kwa uchimbaji bila wao kupewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka 1933 msitu ukatangazwa rasmi kuwa wa hifadhi. Kwa hiyo mwenyeji wa hapo, Mwisukha au Mwidakho, aliyekuwa akichukua dawa, kamba na mboga humo alijikuta ndani ya miaka miwili akiwa mgeni katika ardhi ya babu zake. Kilima cha Lirhanda, kusini mwa msitu, bado kina pango la wachimbaji wa enzi ile, na wenyeji wake siku hizi ni popo.

Leo msitu huo una wasimamizi wawili. Upande wa kaskazini, Buyangu pamoja na Kisere, ni hifadhi ya taifa tangu katikati ya miaka ya 1980, na sasa uko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS). Inawezekana kupiga kambi pande zote mbili, lakini kibali cha upande mmoja hakifanyi kazi upande wa pili, na kila mara kuna msafiri anayefika langoni na risiti isiyo ya pale. Uliza mapema unakwenda kwa nani.

Njia ya Isecheno inaachana na barabara kuu ya Kisumu–Kakamega pale Khayega, inapita Shinyalu, kisha inafika kwenye ukanda wa chai. Chai hiyo si ya bahati. Ni mashamba ya Nyayo, mpango ulioanza mwaka 1986 wa kuzungusha majani chai pembezoni mwa misitu ya serikali ili mpaka uonekane na mashamba yasiusogelee msitu. Ukishavuka chai, hewa inabadilika. Ni baridi na ina harufu ya majani yanayooza, na mwanga unapungua hata saa sita mchana.

Hema lisimikwe kabla ya saa nane mchana. Msitu huu hupokea karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa huja alasiri, pamoja na radi, wakati unyevu wa Ziwa Viktoria unapokutana na joto la nchi kavu. Miezi ya Aprili na Mei ni ya maji matupu. Desemba hadi Februari ndiyo nafuu, ingawa nafuu ya Kakamega bado inahitaji koti la mvua. Kabla ya kusimika, tazama juu. Watu wengi hutazama ardhi tu, wakitafuta mahali tambarare, na kumbe hatari ya kweli iko kwenye tawi kavu lililo juu yao, ambalo mvua ya jioni italilowesha, litakuwa zito na litakatika. Mti mkubwa unapendeza kwa kivuli chake, lakini si mahali pa kulala chini yake.

Halafu tazama ardhi, na si kwa ajili ya mawe pekee. Siafu wa Kakamega wanajulikana na watafiti kutoka nchi nyingi. Msafara wao ukitawanyika kuwinda, kila mdudu aliye chini ya majani hukimbia, na ndege huufuata msafara huo ili wawanyakue wanaokimbia. Wapo ndege ambao sehemu kubwa ya riziki yao inategemea siafu. Ukiona ndege kadhaa wa aina tofauti wakirukaruka karibu na ardhi mahali pamoja, usisogee na kamera kabla ya kutazama unapokanyaga. Na msafara ukilielekea hema lako usiku, usipigane nao. Usimwage mafuta ya taa, usiwashe moto. Toa watu nje, beba matandiko, ondoka katika njia yao na usubiri. Wakishapita wameondoka, na kila mende aliyekuwa amejificha ndani ya hema ameondoka nao.

Nyoka wapo, akiwemo kifutu wa Gaboni, ambaye rangi zake zinafanana na majani makavu kiasi kwamba mtu anaweza kumruka bila kumwona. Si mkali, na kwa kawaida hungoja tu mtu apite, lakini akikanyagwa ana sumu nyingi. Dawa ya jambo hili ni tochi na gambuti, hata kwa safari fupi ya kwenda chooni. Malaria ni ya kweli zaidi kuliko nyoka. Chukua neti, na kama unatoka Nairobi au nyanda nyingine za baridi, muulize daktari kuhusu kinga kabla ya kusafiri.

Nafika sasa kwenye moto, na hapa naomba nivumiliwe nikikaa kidogo, kwa kuwa ndipo wageni wengi wenye nia njema wanapokosea.

Kifungu kile kile cha 64 kinakataza kuwasha, kubeba au kutupa moto ndani ya msitu bila idhini. Mpiga kambi huwasha moto mahali palipotengwa tu, na akiambiwa na msimamizi wa kituo kwamba msimu ni mkavu mno, hawashi. Hilo linaeleweka. Lisiloeleweka ni kuni. Mgeni anaona fito kavu zimelala kila mahali na anadhani hazina mwenyewe. Ukweli ni kwamba zina wenyewe. Wanawake wa vijiji vinavyopakana na msitu hulipia kibali cha mwezi cha kuokota kuni, nao huingia mchana na kutoka na mzigo wa kichwa wa kuni zilizokufa, bila panga la kukatia mti mbichi. Anayepika nyumbani kwa kuni ametembea kilomita kadhaa kuzifuata. Kundi la vijana kumi wakikesha wakiota moto hadi alfajiri wanaweza kuteketeza kuni za familia moja za siku nyingi, kwa ajili ya mwanga tu wa kupigia picha. Zaidi ya hayo, gogo linaloozea chini ndilo nyumba ya mabuu, uyoga na mijusi, na ndilo mbolea ya mche utakaofuata.

Ushauri wangu ni huu: pikia jiko dogo la gesi. Ukitaka moto wa kuota, nunua kuni kwa wenyeji nje ya lango, kwa bei wanayoitaja wao, uwashe moto mdogo, na kabla ya kulala uumwagie maji mpaka uweze kuweka kiganja juu ya majivu. Mchanga peke yake hauzimi moto, huuficha tu, na makaa yaliyofukiwa yanaweza kuamka kesho yake upepo ukija.

Jambo la pili linalofanana na hili ni mizizi ya mukombero. Utaiona ikiuzwa mjini Kakamega na kando ya barabara, na watu wakiitafuna kwa furaha. Mmea wake hukua msituni, na kuung'oa mzizi ni kuumaliza. Ukiupenda, tafuta muuzaji aliyeupanda shambani kwake. Wako wakulima wanaoupanda, na wanastahili soko. Gome la mti wa mwiritsa nalo, linalotafutwa kwa dawa ya tezi dume, limeua miti mingi kwa sababu wenye haraka huubandua mti mzima pande zote, na mti uliobanduliwa hivyo hufa. Usinunue gome kutoka kwa mtu anayekufuata kambini usiku.

Mwongozaji umchukue. Isecheno ina waongozaji waliozaliwa kando ya msitu, wengi wao wakiwa wamepitia mradi wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP, na wanajua miti kwa jina la Kiluhya, la Kiswahili na la kisayansi. Watakupeleka kwa Mama Mutere, mti mkongwe ambao kila mgeni huonyeshwa, na watakuamsha saa kumi na nusu alfajiri ili mpande Lirhanda kabla jua halijachomoza. Safari hiyo ya gizani ni halali kwa sababu una kibali, na unaifanya na mtu anayejulikana kituoni. Njiani utasikia mbega wakinguruma, kundi moja likianza na jingine likijibu ng'ambo ya bonde. Kelele hiyo hutangaza mipaka ya makundi, na mwongozaji hodari ataweza kukuambia ni makundi mangapi yaliyo karibu kwa kusikiliza tu.

Kuhusu pesa: malipo ya serikali siku hizi hupitia eCitizen, na viwango vya raia, wakazi na wageni wa nje vinatofautiana. Usimpe mtu pesa taslimu langoni, hata akikuambia mtandao umepotea. Ngoja urudi. Risiti ndiyo inayokutenga na mkataji miti saa tatu usiku askari wakipita, na pia ndiyo inayoonyesha katika hesabu kwamba msitu uliosimama unaleta mapato. Msimamizi wa kituo anayeweza kuonyesha mapato hayo ana hoja ya kumjibu anayetaka kipande cha msitu huo kwa matumizi mengine. Malipo ya mwongozaji ni mapatano yenu, na msikubaliane mkiwa mmeshaanza kutembea.

Isecheno inafaa kwa anayeanza kwa sababu haina ndovu wala nyati, na hema la kawaida linatosha. Misitu ya Mlima Kenya na Ngare Ndare si hivyo. Huko wanyama wakubwa wana njia zao za usiku, na mahali pa kusimika hema pakichaguliwa vibaya panaweza kugharimu maisha. Wiki ijayo tutaanzia kwenye njia hizo.