Nakala ya pili isipande chombo kimoja na ya kwanza

Wengi wetu wa kando ya Ziwa Victoria hatujasahau tarehe 20 Septemba 2018. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na kutia nanga Ukara kikitokea Bugolora, Ukerewe. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha.

Siku zile, ndugu waliokuwa wakisubiri ufukweni walitaka kujua jambo moja: waliopanda walikuwa wangapi? Viongozi walieleza kwamba ilikuwa vigumu kusema. Mkata tiketi naye alikuwa amefariki, na mashine iliyohifadhi kumbukumbu za tiketi ilikuwa imepotea pamoja na chombo.

Hakuna kumbukumbu inayorudisha uhai wa mtu. Lakini jibu ambalo familia zilikuwa zikilisubiri lilikuwa ndani ya chombo kilekile kilichozama. Leo, msikilizaji, tunaeleza namna ya kuzuia jambo kama hilo lisikupate kwenye kompyuta au simu yako: hesabu za kikundi, matokeo ya wanafunzi, hati za shamba, picha za wazee waliotangulia.

Nakala rudufu ni nini?

Ni nakala ya mafaili yako iliyowekwa mahali pengine, ili ya kwanza ikipotea uweze kuirudisha. Kwenye programu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili utakutana na "nakala rudufu", "nakala hifadhi", na mara nyingine "chelezo". Watu wa Mwanza neno hilo la mwisho tunalijua: pale Bandari ya Mwanza Kusini, chelezo ni mahali meli inapopandishwa nchi kavu kutengenezwa, kisha inarudi majini. Na kazi ya nakala ndiyo hiyo, kukurudisha majini baada ya kuharibikiwa.

Kuhamisha si kunakili. Ukitoa picha kwenye simu ukaziweka kwenye flashi, kisha ukazifuta kwenye simu ili upate nafasi, bado una nakala moja tu. Umebadilisha mahali pa kuipoteza.

Kinachopoteza mafaili ni nini?

Chukulia katibu wa kikundi cha akiba na mikopo katika mwalo wa Igombe. Ana kompyuta moja ya mkononi yenye majina ya wanachama, hisa zao na madeni yao. Radi ikipiga na umeme ukarudi kwa nguvu, diski inaweza kuungua. Mwizi anaweza kuingia usiku. Maji nayo yanaweza kupanda, kama mwaka 2020 ziwa lilipovuka rekodi ya mwaka 1964 na kuingia kwenye nyumba za kando. Flashi ya jirani inaweza kuleta kirusi. Na katibu mwenyewe, akiwa amechoka, anaweza kufuta safu nzima ya madeni bila kujua.

Katika yote hayo kinachopotea si kompyuta tu. Siku ya kugawana fedha, mwanachama mmoja atasema alilipa, mwingine atasema hakukopa, na hakutakuwa na karatasi wala faili la kuamua. Vikundi huvunjika kwa ugomvi wa namna hiyo.

Programu ya kuhifadhi nakala inafanya nini?

Unaweza kunakili mafaili kwa mkono kila jioni. Tatizo ni kwamba mtu husahau, na siku aliyosahau ndiyo siku diski inapokufa. Programu ya kuhifadhi nakala inakufanyia kazi hiyo kwa ratiba. Unaionyesha folda za kulinda, unaionyesha pa kuweka nakala, unaipangia saa, basi.

Mara ya kwanza hutengeneza nakala kamili. Baada ya hapo, nyingi huchukua yale tu yaliyobadilika. Ni kama kunakili daftari la kikundi: siku ya kwanza unaandika kurasa zote, siku zinazofuata unaongeza mistari mipya tu. Ndiyo maana nakala ya kwanza inaweza kuchukua saa nzima, na ya kesho yake dakika chache. Kwa anayetumia bando, tofauti hiyo ni fedha.

Programu nzuri pia hutunza matoleo ya nyuma. Yule katibu aliyefuta madeni Jumatatu, akigundua Ijumaa, nakala ya jana haitamsaidia kwa sababu kosa limeshanakiliwa. Anahitaji faili lilivyokuwa Jumapili. Unapochagua programu, hakikisha inaweza kukurudisha siku kadhaa nyuma.

Si lazima ununue. Windows 10 na 11 zina File History, ambayo hunakili folda zako kwenye diski ya nje na kutunza matoleo ya nyuma. Kompyuta za Apple zina Time Machine. Duplicati inapatikana bure, na inaweza kufunga nakala kwa nenosiri ili atakayeiokota asiweze kuisoma. Hilo ni muhimu kwa kikundi, shule au zahanati, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Lakini nenosiri hilo liandike na ulitunze mahali salama, kwani likisahaulika hata wewe mwenyewe hutafungua.

Nakala inayofuata kila kitu si kinga

Kuna huduma ambazo kila unachofanya kwenye kifaa kimoja kinajitokeza palepale kwenye kingine. Ni nzuri kwa kazi, lakini ukifuta huku, kinafutika na kule.

Kampuni kubwa ya meli ya Maersk ya Denmark ililijua hilo tarehe 27 Juni 2017, iliposhambuliwa na kirusi kilichoitwa NotPetya. Kompyuta kuu zilizotunza orodha ya watumiaji wake na ruhusa zao zilikuwa zimetawanywa nchi mbalimbali, kila moja ikinakili kutoka kwa nyingine. Ilidhaniwa kwamba moja ikifa nyingine zitabaki. Kirusi kilizifuta karibu zote kwa pamoja.

Ilibaki moja, nchini Ghana. Iliponea kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na kompyuta hiyo ikawa imetoka kwenye mtandao. Taarifa zilizokuwemo zilisafirishwa kwa ndege kupitia Nigeria hadi Uingereza, na kutokana nazo kampuni ikaanza kujijenga upya. Sisi tunaoulaumu umeme kila siku, hapo ulikatika kwa faida.

Somo lake ni jepesi: nakala mojawapo iwe imechomolewa. Diski au flashi iliyoachwa kwenye kompyuta siku zote itaungua na radi ileile, itaibwa na mwizi yuleyule, na kuliwa na kirusi kilekile. Nakili, chomoa, weka mbali.

Kanuni ya tatu, mbili, moja

Kanuni hii ilienezwa na mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh. Kuwa na nakala tatu za kila kitu muhimu, ukihesabu na ya asili. Ziweke kwenye vyombo vya aina mbili tofauti. Na moja kati yake ikae mahali pengine kabisa.

Kwa katibu wetu wa Igombe, ya kwanza iko kwenye kompyuta. Ya pili iko kwenye diski ya nje ambayo huchomekwa jioni na kuchomolewa kazi ikiisha. Ya tatu iko wingu, yaani kwenye kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Kama mtandao ni wa shida, flashi iliyofungwa kwa nenosiri na kutunzwa na mweka hazina anayeishi kijiji kingine inatosha, mradi ibadilishwe kila kikao.

Flashi nunua kwa makini. Zipo bandia zinazoandikwa nafasi kubwa kuliko zilizo nayo: zinapokea mafaili, lakini ukiyafungua hayasomeki.

Kwa mwenye simu tu

Kwenye simu ya Android, fungua mipangilio, tafuta sehemu ya Google, kisha ya kuhifadhi nakala, na uiwashe. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili mengine. Nakala za WhatsApp kwenye Android nazo siku hizi huhesabiwa humo. Ndani ya WhatsApp, chagua kama nakala itengenezwe kila siku, kila wiki au kila mwezi, na uache video nje ikiwa bando ni dogo. Ukienda mjini mahali penye intaneti ya bure au ya bei nafuu, hapo ndipo pa kupandisha picha.

Akaunti hiyo iwe yako. Wengi hufunguliwa akaunti na fundi au muuza simu, kisha hawajui barua pepe yao wala nenosiri. Simu ikizama, nakala ipo lakini mlango umefungwa. Andika vyote viwili kwenye daftari la nyumbani leo.

Jaribu kabla ya dhoruba

Mvuvi hasubiri wimbi ndipo aangalie kama boya lake la kujiokolea lina tundu. Mara moja kwa mwezi, chagua faili moja, lirudishe kutoka kwenye nakala hadi kwenye folda nyingine, ulifungue na ulisome. Kama una kompyuta mbili, lifungulie kwenye ile ya pili. Likifunguka, una nakala. Likigoma, umegundua mapema, wakati faili la asili bado lipo.

Usianze na kila kitu. Jioni hii jiulize swali moja: kifaa hiki kikizama ziwani usiku wa leo, ni faili gani nitalilia? Anza na hilo. Linakili, kisha mpe mtu unayemwamini, asiyelala nyumba moja na wewe, akutunzie.